Meneja wa Jalada la Mikopo

Meneja wa jalada la mikopo ni mtumishi wa benki ya biashara anayesimamia kwa pamoja mikopo yote ya tawi, kanda au sekta. Afisa mikopo humchunguza mwombaji mmoja: biashara yake, dhamana yake, tabia yake ya kulipa. Meneja wa jalada hujiuliza benki itabaki na nini iwapo wakopaji wote watapatwa na jambo lilelile kwa wakati mmoja. Wanunuzi wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaweza kuwa waaminifu kila mmoja kwa nafsi yake, lakini bei ikianguka hutetereka wote.

Asubuhi meneja hufungua orodha ya waliochelewesha marejesho. Kwa mujibu wa kiwango cha uhasibu cha IFRS 9, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 kwa kawaida hutengewa fedha za hasara inayotarajiwa hadi mwisho wa muda wake. Ukipita siku 90, huhesabiwa kuwa chechefu. Meneja mzoefu hangoji siku hizo. Husoma akaunti. Mwenye malori wa Tunduma ambaye mapato yake yaliingia benki kila wiki, kisha yakaanza kupungua huku ovadrafti ikigota kwenye ukomo bila kushuka, ameshaanza kuyumba hata kama rejesho la mwezi huu amelipa. Huyo hupigiwa simu na kutembelewa mapema, maana biashara ikiwa hai bado, mkopo unaweza kupangwa upya. Nyumba ya mtu ikifika mnadani, mara nyingi kuna aliyechelewa kuangalia.

Tanzania iliijua thamani ya kazi hii kwa gharama kubwa. Benki zilipotaifishwa mwaka 1967, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilikopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na mengi ya madeni hayo hayakulipika. Sheria ya mwaka 1991 iliunda chombo maalumu cha kuyakusanya, LART, na mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, ikazaliwa benki ya NMB.

Kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu ya Tanzania ni mikopo chechefu isiyozidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka 2017 ilivuka asilimia 10. Mwaka 2023 ilishuka chini ya 5.