Ujira wa Tabibu na Ujira wa Mganga wa Punda

Baina ya mwaka 1901 na 1902, Wafaransa waliokuwa wakichimbua magofu ya Susa, katika nchi ya Uajemi, walitoa ardhini vipande vitatu vya jiwe jeusi, refu kupita kimo cha mtu, lililochorwa sharia za Hammurabi, mfalme aliyetawala Babeli takriban mwaka 1792 hadi 1750 kabla ya Nabii Isa. Na miongoni mwa hukumu za wezi, wajane na waashi wa nyumba mbovu, mna ujira wa tabibu wa watu na ujira wa mganga wa wanyama, umewekwa sako kwa bako.

Tabibu aliyempasua muungwana jeraha zito kwa kisu cha shaba, akapona, alistahiki shekeli 10 za fedha. Kwa mtu wa tabaka la chini yake, shekeli 5. Na kwa mtwana 2, alizozitoa bwana wake. Kisha, baada ya vifungu vichache, sharia yamgeukia mganga wa ng'ombe na punda, nayo yampa sehemu moja katika 6 ya shekeli moja. Kwa hesabu hiyo muungwana mmoja alikuwa sawa na punda 60, na mtwana sawa na punda 12. Wala tofauti hii haikutokana na ugumu wa kazi, maana ngozi ya punda si laini, na mgonjwa mwenyewe hupiga mateke. Itazame adhabu: aliyemuua muungwana kwa kisu alikatwa mikono, aliyemuua mtwana alimlipa bwana mtwana mwingine, na aliyemuua punda alitoa fungu la thamani yake. Mtwana, ambaye kwa maumivu ni mtu kamili, kwa hesabu alikuwa jirani wa punda, kwa kuwa wote wawili walikuwa mali.

Sharia ile hunijia akilini kila nikiifikiri Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, na mchanga, mawe na mifuko ya saruji hubebwa na punda. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary, aliloliasisi Bibi Elisabeth Svendsen, lilifungua pale zahanati ya punda, ambamo vidonda vya mgongo, minyoo na kwato zilizoharibika hutibiwa pasi na mwenye punda kutoa hata senti. Nayo serikali ya Kenya, iliyofuta ada ya wagonjwa wa nje mwaka 1965, ikairudisha Disemba 1989 kwa jina la upole la kuchangia gharama. Hata ikawa mchukuzi wa wakati ule aliweza kumtibu punda wake bure, kisha akajipapasa mfukoni kwa ajili ya homa yake mwenyewe.

Mimi siioni dharau hapo. Zahanati ya punda ina wagonjwa wa jinsi moja na maradhi ya kuhesabika, ilhali hospitali ya watu haina hiari ya kumkataa mja mzito, mzee wala aliyeanguka mnazini. Na kuzipima mbili hizo kwa mizani moja ni kuidhulumu ile kubwa. Punda wa Babeli alilipiwa kidogo na mwenyewe; punda wa Lamu amelipiwa na watu wa ng'ambo, aghalabu wasiopata kumwona.

Na mwaka ule ule wa 1987 likatokea la kinyume. Ivamektini, dawa iliyozaliwa katika udongo wa Japani kwa juhudi za Satoshi Ōmura na William Campbell, ilikuwa ikiuzwa tangu 1981 kwa ajili ya minyoo ya mifugo, ikailetea kampuni ya Merck faida kubwa; ilipodhihirika kwamba yaweza kuzuia upofu wa usubi, kampuni iliamua kuitoa bure kwa wanadamu, maana wenye kuihitaji hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Baadaye ikawafikia hata watu wa milima ya Mahenge, nchini Tanzania. Wenye ng'ombe na farasi waliendelea kuilipia.