Maziwa Yaliyochimbwa kwa Mikono

Maziwa ya Broads, mashariki mwa Norfolk nchini Uingereza, hutangazwa kwa wageni kama zawadi ya maumbile: maji tulivu, matete, ndege na mashua za tanga. Anayeyatembelea kwa fikra hiyo hukosa jambo lililo kubwa kuliko yote, kwani maziwa hayo ni machimbo ya wanavijiji wa Zama za Kati. Eneo hilo lilikuwa na watu wengi na miti michache. Kuni zilipoadimika, watu walichimba mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza, wakaikata vipande, wakavianika na kuvichoma kama kuni. Watawa wa kanisa kuu la Norwich walitumia mamia ya maelfu ya vipande hivyo kwa mwaka. Kisha, kuanzia karne ya 13, bahari ilipanda na mafuriko yakaja; kufikia mwisho wa karne ya 14 machimbo mengi yalikuwa yamemezwa na maji.

Kwa muda mrefu wataalamu waliyaona maziwa hayo kuwa ya asili, na shaka yao ilikuwa na msingi: ni vigumu kusadiki kwamba majembe yaliweza kuondoa udongo mwingi kiasi hicho. Lakini katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alitoboa udongo wa huko kwa ukaribu kuliko waliomtangulia, akakuta kingo zimesimama karibu wima, sakafu ni tambarare, na kati ya shimo na shimo zimebaki kuta nyembamba za mboji isiyoguswa. Mto hauchongi hivyo. Ama wingi wa kazi, vizazi vya karne mbili na zaidi viliumudu kidogo kidogo.

Wengine watauliza kwa nini machimbo ya kale yalindwe kama hifadhi. Jibu liko kwa kipepeo aitwaye swallowtail, mkubwa, wa manjano na mweusi, ambaye katika Uingereza nzima makao yake ni hapa. Viwavi wake hula mmea unaoota katika vinamasi vya matete, na vinamasi visipofyekwa huvamiwa na vichaka, mmea ukatoweka. Kwa hiyo mgeni anayepanda mnara wa kanisa la Ranworth kutazama maji yale anatazama kazi ambayo haijakoma. Amheshimu mkata matete ya kuezekea kama anavyomheshimu kipepeo. Hifadhi itakayomsahau wa kwanza itampoteza wa pili.