Misemo ya Kiingereza isiyomaanisha yanachosema maneno yake

Na Mwandishi Wetu

MISEMO kadhaa ya Kiingereza inayosikika kila siku maofisini, mahakamani, shuleni na katika vyombo vya habari haimaanishi kile ambacho maneno yake yanasema, na mingine humaanisha kinyume chake kabisa.

Jambo hilo si kichekesho cha lugha peke yake. Kumbukumbu za Uingereza na Marekani zinaonyesha kuwa pengo kati ya maneno na kusudio limewahi kuzua ugomvi baina ya makamanda wa jeshi, kuwaponza askari waliozingirwa na adui, na kuwa sehemu ya ushahidi katika kesi iliyomfikisha kijana kitanzini.

Kila lugha ina nahau zake. Mswahili akisema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, hakuna anayefikiria habari za jikoni. Akisema kijana amempenda binti, kafa kaoza, hakuna anayetafuta sanda. Tatizo huanza pale msemo unapotoka kwa wanaoujua na kumfikia asiyeujua, kwa sababu asiyeujua hana cha kushika isipokuwa maneno yenyewe.

Maneno matano na kitanzi

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Derek Bentley, kijana wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 19. Usiku wa Novemba 2, 1952, Bentley na mwenzake Christopher Craig, aliyekuwa na miaka 16, walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London, wakiwa na nia ya kuiba. Craig alikuwa na bastola.

Polisi walifika, na mmoja wao akamkamata Bentley. Askari hao walidai kuwa wakati huo Bentley alipaza sauti akisema, "Let him have it, Chris." Craig alifyatua risasi iliyomjeruhi askari huyo, na baadaye, Bentley akiwa tayari amekamatwa, alimpiga risasi askari mwingine, Sidney Miles, akafa papo hapo.

Kwa maneno yenyewe, kauli hiyo ni sawa na kusema "mwachie awe nacho". Kwa nahau, maana yake ni "mshambulie" au "mpige". Wanaoshuhudia ugomvi mtaani wakipaza sauti "Mpe! Mpe!" hawaombi mtu apewe zawadi, na Kiingereza nacho kina matumizi ya namna hiyo.

Upande wa mashtaka uliichukua kauli hiyo kuwa ni uchochezi wa kuua. Bentley na Craig walikana kwamba iliwahi kutamkwa. Baadaye wapo waliohoji kuwa, hata kama ilitamkwa, ingeweza kumaanisha kwamba Craig ampe askari ile bastola.

Baraza la wazee wa mahakama lilimtia Bentley hatiani huku likipendekeza ahurumiwe, lakini alinyongwa Januari 28, 1953 katika gereza la Wandsworth. Craig, ambaye ndiye aliyefyatua risasi, hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake. Alifungwa na kuachiwa mwaka 1963.

Julai 30, 1998, miaka 45 baada ya kifo chake, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitengua hukumu ya Bentley. Sababu kuu haikuwa nahau hiyo, bali namna jaji alivyoiongoza kesi na kulielekeza baraza. Hata hivyo, yale maneno matano ndiyo yanayokumbukwa na wengi hadi leo.

Mezani au kabatini?

Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hawaelewani nyakati zote. Neno "table", likitumika kama kitenzi mkutanoni, kwa Mwingereza ni kuwasilisha hoja ili ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka hoja kando isijadiliwe.

Winston Churchill alieleza katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao wa haraka uwekwe mezani katika kikao na wenzao wa Marekani. Wamarekani walipinga, wakidhani wageni wao wanataka waraka huo utupwe kando. Pande hizo mbili zilibishana kwa muda mrefu na kwa ukali kabla ya kugundua kwamba zilikuwa zikitaka jambo lile lile.

Mabunge ya Afrika Mashariki yamerithi matumizi ya Kiingereza cha Uingereza, na ndiyo maana katika Bunge la Tanzania husikika "hati za kuwasilisha mezani". Mtanzania au Mkenya anayehudhuria kikao kinachoendeshwa na Wamarekani anaweza kuunga mkono hoja izikwe huku akiamini kwamba anaifungulia mjadala.

Kosa la aina hiyo huwa zito zaidi vitani. Wanahistoria husimulia kuwa Aprili 1951, katika mapigano ya Mto Imjin huko Korea, kamanda wa brigedi ya Uingereza, Tom Brodie, aliulizwa hali ikoje na mkubwa wake wa Kimarekani. Alijibu kuwa mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani, kwa maneno yenyewe, "yananata kidogo".

Kwa ofisa wa Kiingereza, ambaye malezi yake yalimkataza kulalamika, maneno hayo yalimaanisha kuwa hali ni mbaya mno. Kwa Mmarekani yalimaanisha kuwa kazi ni ngumu lakini inavumilika. Kikosi cha Gloucestershire kilibaki mlimani kikiwa kimezingirwa na majeshi ya China, na askari wake zaidi ya 500 walichukuliwa mateka. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini jibu hilo la upole huhesabiwa miongoni mwake.

Inayosema kinyume

Lipo kundi la misemo ambayo, ikipimwa neno kwa neno, inapingana na kusudio la msemaji. Ifuatayo ni baadhi yake.

"I could care less": Hutumiwa zaidi Marekani kwa maana ya "sijali hata kidogo". Waingereza husema "I couldn't care less", yaani kujali kwangu hakuwezi kupungua zaidi kwa kuwa kumekwisha. Msemo wa Kimarekani umedondosha kikanushi, hivyo maneno yake yanasema kuwa bado pana kujali kunakoweza kupunguzwa. Maana iliyokusudiwa haikubadilika.

"Head over heels": Husemwa juu ya mtu aliyezama katika mapenzi. Maneno yake ni "kichwa juu ya visigino", na hivyo ndivyo kila binadamu anavyosimama. Zamani msemo ulikuwa "heels over head", yaani miguu juu kichwa chini. Mpangilio uligeuka katika karne ya 18, na uliogeuka ndio ulioshinda.

"Have your cake and eat it": Hutumika kumkanya anayetaka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Ukiufuata kwa maneno, hauna kosa lolote, kwani kila mtu huwa na keki kwanza kisha akaila. Kisichowezekana ni kuila kisha ukabaki nayo, na ndivyo John Heywood alivyoupanga katika mkusanyiko wake wa methali wa mwaka 1546. Mswahili angesema mshika mbili moja humponyoka.

Mpangilio huo wa kale uliwahi kuwasaidia wapelelezi. Theodore Kaczynski, aliyewaua watu watatu nchini Marekani kwa mabomu ya kutuma kwa posta, aliutumia katika andiko lake refu lililochapishwa na gazeti la Washington Post mwaka 1995. Msemo huo, ukiwa katika mpangilio ule ule usio wa kawaida, ulikutwa pia katika barua aliyomwandikia mama yake. Ulikuwa moja ya dalili zilizoonyesha kuwa mwandishi ni mmoja, naye akakamatwa Aprili 1996.

"Steep learning curve": Husemwa juu ya kazi ngumu kujifunza. Katika grafu inayoonyesha maarifa yakipanda kadiri muda unavyokwenda, mstari mkali unamaanisha kuwa mtu anajifunza haraka. Wengi wanaoutumia huwaza mlima mkali unaochosha kuupanda.

"Quantum leap": Wanasiasa na wafanyabiashara huutumia kwa maana ya hatua kubwa mno ya maendeleo. Katika fizikia, mruko huo ni badiliko la ghafla la nishati ndani ya atomu, na ni dogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona.

Maana zilizogeuzwa

Misemo mingine ilianza ikiwa na maana inayolingana na maneno yake, kisha watumiaji wakaipindua.

"The exception proves the rule" hutumiwa leo na mtu aliyeonyeshwa mfano unaopinga dai lake, kana kwamba mfano huo unalitia dai nguvu. Asili yake ni hoja ya kisheria. Mwaka 56 kabla ya Kristo, Cicero alipokuwa akimtetea Balbus huko Roma kuhusu uraia wake, alihoji kuwa mikataba iliyokataza baadhi ya mataifa kupewa uraia wa Roma inaonyesha kuwa pasipokuwa na katazo hilo, ruhusa ipo. Ni sawa na kibao getini kinachosema kuwa Jumapili hairuhusiwi kuegesha magari. Katazo la siku moja ni ushahidi kuwa siku nyingine inaruhusiwa.

"A few bad apples" ni kauli ya viongozi pale watumishi wao wanapokutwa na makosa, wakimaanisha kuwa wabaya ni wachache na waliobaki ni safi. Methali ya asili, ambayo Geoffrey Chaucer aliigusa katika karne ya 14, inaonya kuwa tufaha moja bovu huyaozesha mengine yote. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo vizuri zaidi: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

"Pull yourself up by your bootstraps" leo ni ushauri kwa maskini ajikwamue kwa juhudi zake mwenyewe. Ulipoanza kuenea Marekani katika karne ya 19, ulikuwa mzaha juu ya jambo lisilowezekana, kwa maana hakuna awezaye kujinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake.

"Beg the question" hutumiwa na watangazaji wengi kwa maana ya "kuibua swali". Katika elimu ya mantiki tangu enzi za Aristotle, hilo ni jina la kosa la kulithibitisha dai kwa kutumia dai lile lile.

Inapohamia katika Kiswahili

Baadhi ya misemo hiyo huingia katika Kiswahili ikiwa imetafsiriwa neno kwa neno. "Mwisho wa siku" hutumiwa redioni na mikutanoni kwa maana ya hatimaye au yote kwa yote. Mzee asiyejua Kiingereza akiambiwa kwamba mwisho wa siku mkulima ndiye atakayefaidika, ana haki ya kusubiri hadi magharibi.

Vivyo hivyo, kauli kuwa "mpira uko uwanjani kwenu" haina maana iliyo wazi kwa asiyejua kwamba inatokana na mchezo wa tenisi. Kusema "uamuzi sasa ni wenu" kunatosha.

Nchini Tanzania, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, hukumu za miaka mingi na mikataba mingi ya biashara imeandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani anayefuata maneno ya nahau badala ya kusudio lake anaweza kubadilisha ushahidi bila kujua.

Mambo ya kuzingatia

Si sahihi kumsahihisha kila anayesema "head over heels". Maana ya nahau hutokana na mazoea ya wanaoitumia, si hesabu ya maneno yake, na msikilizaji aliyeizoea haelewi vibaya.

Tahadhari inahitajika katika mambo manne: mkataba, ushahidi, maelekezo ya kazi ya hatari na mawasiliano na mgeni wa nchi nyingine. Humo ni bora kuacha nahau na kusema jambo lenyewe. Badala ya kuandika "table", andika kuwa hoja ijadiliwe leo au iahirishwe. Badala ya kusema mambo yananata kidogo, taja idadi ya watu, muda uliobaki na msaada unaohitajika.

Kwa anayesikia msemo asio na uhakika nao, njia iliyo salama ni kumuuliza msemaji anakusudia nini kabla ya kutekeleza. Maofisa wa Uingereza na Marekani waliobishana kuhusu neno "table" walikuwa tayari wamekubaliana, na swali moja lingetosha kuwaonyesha hivyo.