Nani Anaongea na Watoto Wetu? Historia Fupi ya Tangazo la Biashara



Wazazi wenzangu, tukizungumzia televisheni na simu, mara nyingi tunalaumu yale yanayoonekana wazi: nguo zisizo na sitara, ngumi na risasi. Hilo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine linalopita mbele ya macho yetu bila kushtukiwa, nalo ni tangazo la biashara. Tukijua lilikotoka, tutajua namna ya kujikinga nalo.

Tarehe 1 Julai 1941, mjini New York, lilirushwa tangazo la kwanza la kulipiwa katika televisheni ya Marekani, kabla ya mchezo wa besiboli. Lilikuwa la saa za Bulova, nalo liligharimu dola 9 tu. Aliyelengwa wakati huo ni mtu mzima mwenye pesa zake.

Mambo yalibadilika mwaka 1955. Kampuni ya vichezeo ya Mattel ilidhamini kipindi kipya cha watoto cha Disney, Mickey Mouse Club, kwa mwaka mzima, kwa takriban dola 500,000. Kabla ya hapo vichezeo vilitangazwa zaidi msimu wa Krismasi. Sasa muuzaji alimruka mzazi, akaanza kuongea na mtoto mwenyewe mwaka mzima. Mtoto hana pesa, lakini ana machozi, na machozi ya mtoto hufungua mfuko wa baba.

Ubaya uko wapi? Mtoto wa chini ya miaka saba au minane kwa kawaida haelewi kwamba tangazo lina nia ya kumuuzia kitu. Huliamini kama anavyomwamini shangazi yake. Kwa sababu hiyo, mwaka 1978 tume ya biashara ya Marekani ilipendekeza kupiga marufuku matangazo yanayolenga watoto wadogo. Wafanyabiashara wakapiga kelele, na mwaka 1980 Bunge likaizuia tume hiyo kuendelea. Lakini mwaka huohuo jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kukataza matangazo kwa watoto wa chini ya miaka 13. Kampuni moja ya vichezeo ilishitaki, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kanada ikaiunga mkono sheria. Sweden nayo iliweka katazo lake mwaka 1991.

Huku kwetu televisheni iliingia kwa zamu: Kenya 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973, Burundi 1984, na Tanzania Bara 1994. Wengi wetu tunakumbuka seti moja ikihudumia mtaa mzima. Tuliketi mkekani kwa jirani, wakubwa kwa wadogo. Mtoto akiuliza, "Baba, huyu anafanya nini?", alijibiwa palepale. Kikiwa kibaya, mama alizima. Sanduku lilikuwepo, na mazungumzo yalikuwepo.

Simu imevunja mkeka ule. Kila mmoja ana kioo chake na kona yake. Na tangazo la leo linamfuatilia mtoto: mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani, kwa madai ya kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi ili kuwalenga kwa matangazo. Muuzaji anajua mtoto anapenda nini, na huenda baba yake hajui.

Tufanye nini basi? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Tuanzie hapo. Wakati wa chakula simu zote ziwekwe pembeni, za baba na mama zikitangulia. Tangazo likitokea, tumuulize mtoto: "Huyu anataka tununue nini?" Swali hilo dogo humfumbua macho. Na baada ya Isha turudishe hadithi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hataulizwa muuzaji wa biskuti juu ya mwanao, utaulizwa wewe.

Wabillahi tawfiq.