ODV ya Gécamines: neno "volontaire" lilikuwa na uzito gani?

Wandugu, hapa kwetu Tenke, na vilevile Kolwezi na Likasi, ukitaja "ODV" mbele ya wazee wa Gécamines, mazungumzo hayaishi mapema. Sisi tulikuwa watoto wakati ule. Lakini leo wengi wetu tunasinya kontra za miezi sita na masutretan wa migodi, njo maana ile historia inatuhusu.

Gécamines ilizaliwa 1967 juu ya mali ya Union Minière. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kazi haikuwa mshahara tu: posho, hospitali, shule ya watoto, vyote vilipitia kampuni. Kisha Kamoto ikaanguka 1990, fujo za 1992 na 1993 zikafukuza mafundi wengi, na kufika 2003 shaba ilikuwa chini ya tani 20,000. Watu waliendelea kwenda kazini miezi na miezi bila mshahara.

Njo pale Opération Départs Volontaires ilikuja, kwa feza ya Benki ya Dunia. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 walitia sahihi na kuondoka. Jumla ilipita dola milioni 40. Ukigawa, ni karibu dola 4,000 kwa mtu, na wengi walikuwa na zaidi ya miaka 25 ya kazi. Mtu mwenye deni dukani na watoto waliofukuzwa shule, ukimwonyesha dola, atasoma karatasi ya Kifaransa cha sheria mpaka mwisho?

Lakini uzito ulikuwa katika neno moja: "volontaire". Sheria ya Kazi namba 015/2002 ilikuwa imetoka 16 Oktoba 2002, hata mwaka haikuwa nao. Inasema patron akitaka kupunguza watu kwa shida za kampuni, lazima kwanza ajulishe wajumbe wa wafanyakazi kwa maandishi, na kuna utaratibu wa nani atoke mbele ya nani. Ukiondoka kwa makubaliano, unasimama mahali pengine: patron hakukufukuza, mlipatana. Avoka mmoja angeeleza tofauti hiyo kwa saa moja tu. Wengi waliielewa wakati feza ilikuwa imekwisha.

Na iliisha mbio. Wengine walifungua biashara ndogo, wengine walilima, wengine wakaingia kuchimba kwa mkono. Kama mwagronomu naongeza: udongo wetu mwekundu una asidi, mahindi bila mbolea hayalishi familia, na msimu mmoja mbaya unamaliza mtaji wote.

Wazee hawakunyamaza. Walijikusanya katika kolektifu, wakasema dekonte yao haikufuata sheria, na 2009 wakapeleka malalamiko mpaka kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Sasa hesabuni pamoja nami: sheria ileile inatoa miaka mitatu kudai haki ya kontra, na mwaka mmoja tu kudai mshahara. Kutoka 2004 mpaka 2009 ni miaka mingapi?

Kwa hiyo, wandugu, shauri la avoka ni la kabla ya kalamu. Wakikuletea karatasi, kontra ao makubaliano ya kuondoka, omba kopi uende nayo nyumbani. Uliza: ninafukuzwa, ao ninaondoka mwenyewe? Miaka yangu imehesabiwa namna gani? Mishahara ya nyuma iko ndani? Usipopata feza ya avoka, mwone mjumbe wa sendika, ao inspekta wa kazi. Hata hivyo bila kupita kwake kwa mapatano, mahakama ya kazi haitapokea kesi yako. Patron akisema "sinya leo ao basi", haraka hiyo ni ya nani?

Wenye baba ao mama aliyepitia ODV, muulizeni alisinya nini. Kama karatasi ingali sandukuni, isomeni pamoja.