Hiyo 8192 ilitoka wapi?

Juzi nimefuta rsize=8192,wsize=8192 kwenye fstab, mistari niliyonakili zamani bila kuuliza. Namba hiyo ni ya enzi za Sun Microsystems: NFS toleo la 2, lililoandikwa katika RFC 1094 mwaka 1989, halikuruhusu zaidi ya baiti 8192 kwa kila kusoma au kuandika. Tena data ilipita kwa UDP. Ethernet hubeba baiti 1500, basi mzigo ulikatwa vipande 6. Kimoja kikipotea, vyote hutumwa upya. Ndiyo maana wengine walishuka hadi 1024. Toleo la 3 (1995) liliondoa kikomo hicho. Siku hizi Linux hupatana na seva yenyewe, hata hadi baiti 1048576. Nami kumbe nililaumu diski bure!