Siasa za Chama na Reli ya Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara hupita Mang'ula na Mkula, milima ya Udzungwa ikiwa kuume kwake, na mashamba ya mpunga na miwa yakiwa kushoto. Katika bonde hilo imepita pia reli ya TAZARA. Atazamaye ramani aweza kudhani kwamba reli hiyo ilijengwa ili kuchukua mazao ya bonde. Sivyo. Reli hiyo ni mtoto wa siasa, na wazazi wake ni vyama.

Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walitoa shauri kwamba reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam isingeleta faida. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith na chama chake cha Rhodesian Front, wakajitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini, ikajikuta imeshikwa koo. Hapo hesabu ikabadilika. Wataalamu walihesabu tani na shilingi; TANU ya Nyerere na UNIP ya Kaunda zilihesabu ukombozi. Mkataba na China ulitiwa sahihi Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Watu wakaiita Reli ya Uhuru.

Lakini chama hakikuishia katika kutandika vyuma. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba kuishi vijijini kuwe lazima, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Kwa hiyo reli na vijiji vya ujamaa vilikua pamoja. Katika Kilombero watu wengi waliacha mashamba yao ya zamani wakapangwa karibu na njia ya gari la moshi. Wengine walihama kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Hata hivyo waliofika stesheni hawakukaa kuitazama shaba ikipita. Walipakia mchele, ndizi na kuku katika behewa za abiria, wakaifanya reli ya mataifa mawili kuwa njia ya kwenda sokoni. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mjini Dar es Salaam chama kile kile kilikuwa na shauri kama hilo. Mwaka 1970 kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Kusudi lilikuwa jema: usafiri uwe huduma, usiwe unyonyaji. Lakini mabasi hayakutosha, na magari ya watu binafsi yakabeba abiria kwa kujificha, mpaka serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, au dala, na ndipo lilipotoka jina la daladala.

Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, barabara na madaraja yamekuwa hoja za kuombea kura. Mwaka 2018 daraja la mto Kilombero lilifunguliwa, likapewa jina la Rais Magufuli, aliyekuwa madarakani. Tofauti ya majina hayo mawili yafaa kufikiriwa: la kwanza lilitaja lengo, la pili lilimtaja mtu.

Siasa, basi, ndiyo ichaguayo njia ipite wapi, na pengine bila siasa bonde lisingepata reli kabisa. Lakini njia ikiisha kujengwa huhukumiwa na yule mama wa Mkula mwenye gunia la mchele, asiyejua bei ya shaba. Kwake swali ni moja: gari litasimama hapa, au litapita?